Pua Yangu Ilitangulia Sindano

Kirua Vunjo, jioni

Mwanangu Aikande,

Umeteremka Himo kumuaga shangazi yako, na najua hutarudi mapema kwa sababu shangazi yako haagi mtu bila kumshibisha. Baba yako yuko zizini anagombana na yule ndama. Mimi nimekaa hapa sebuleni na mabegi yako yote mawili yako mbele yangu, nayatazama kama watu walioniudhi. Kesho alfajiri baba yako atakusindikiza mpaka Moshi upande basi la Mwanza. Mimi nitabaki mlangoni, maana nikifika stendi nitakuaibisha kwa kulia.

Barua hii nitaiweka begini, chini ya mashuka. Ukiiona kabla hujaondoka, nakuomba uiache. Isome basi likishapita Singida, mahali ambapo huwezi kushuka ukageuza.

Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo umeyasikia tangu darasa la kwanza, na mengine siku hizi unanifundisha wewe. Nina jambo moja tu. Lilipaswa kutoka kwa mdomo, mdomo ukakataa, basi nimeuhamishia kazi mkono.

Jumapili iliyopita tulipokuwa mezani ulisema unaweza kukiomba chuo kikuwekee nafasi mpaka mwakani. Baba yako akauliza, "Kwa nini tena?" Ukajibu, "Nani atamnusia Mama maziwa? Nani atajua gesi ikivuja?" Kisha ukainamia sahani na kusema taratibu, "Mimi ndiye niliyempeleka kwenye ile sindano." Mimi nikakwambia ule, chakula kinapoa. Ndivyo nilivyokujibu, Aikande. Mtoto anafungua moyo wake mbele yangu, mimi naulinda mtori usipoe.

Sasa nakujibu. Pua yangu haikuuawa na chanjo. Ilikuwa imekufa miezi kabla hujanishika mkono tukapange foleni pale zahanati. Nilijua hivyo siku ile ya foleni, nimejua siku zote, na nimekuacha ubebe mzigo ambao haukuwa wako hata kidogo.

Nitakusimulia ilivyokuwa, kwa sababu wewe hukuwepo. Ulikuwa bweni, kidato cha sita. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka ule ambao hakuna aliyetaka kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Tulisema mafua makali, tulisema nimonia, tulisema changamoto ya upumuaji. Watu wakazikwa, na kwenye mazishi tukapeana pole kwa changamoto ya upumuaji. Mimi ulinianza kooni. Kila nikimeza mate ni kama nameza mchanga. Kisha masikio yakaziba, kichwa kikawa kizito, na mwili ukawa si wangu. Baba yako akanichemshia sufuria la mkaratusi, mchaichai na majani ya mlimau, akanifunika blanketi zito, akaniambia nivute mvuke huku yeye akiomba kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Nusura nife, nusu kwa mvuke na nusu kwa maombi. Unaijua harufu ya mkaratusi ukichemka, inavyochoma mpaka kisogoni. Sikuisikia. Nilidhani ni mafua, yakipita itarudi.

Mafua yakapita. Siku niliyopata nguvu ya kuamka nilijimiminia kikombe cha maziwa yaliyokuwa mezani, nikanywa chote. Baba yako akaingia, akachukua jagi, akalisogeza mbali na uso wake. "Mama Aikande, haya yamechacha tangu juzi. Ulikuwa unayanywaje?" Nikamwambia nilitaka ya mgando. Uongo wangu wa kwanza ndio huo, na ona ulivyokuwa mdogo. Hata baba yako, ambaye anaamini kila kitu, aliuamini.

Ungekuwa mtu mwingine ungeuliza kwa nini nisiseme tu. Lakini wewe ni mwanangu, na unajua nilikuwa nani hapa Kirua. Kulikuwa na walimu, kulikuwa na wauguzi, kulikuwa na akina mama wenye maduka makubwa, na kulikuwa na mimi niliyepika mbege. Mchungaji hakuipenda kazi yangu ya pombe, na baba yako tangu aokoke hapiti hata upande lilipo pipa. Lakini mtu akiwa na posa, akiwa na msiba, akiwa na kipaimara, gari linasimama hapo barabarani na sauti inaita, "Mama Aikande yupo?"

Na mbege, mwanangu, hupikwa kwa pua. Mikono inafanya kazi ya kuchemsha ndizi mbivu mpaka zibadilike rangi, na kusaga ulezi, na kulichemsha gamba la mti wa msesewe litoe uchungu wake. Lakini saa ya kuchanganya inasemwa na pua peke yake. Mama yangu alikuwa akinifunga kanga machoni, ananizungusha kati ya mapipa, ananiuliza lipi limefika. Nilipokosea alinizungusha tena. Kwa hiyo unapomwambia mtu kama mimi kwamba pua imekufa, hujamwambia habari ya ugonjwa. Umemwambia ashuke kwenye kiti chake.

Nikaamua sitashuka. Nilisema moyoni, nimepika miaka yote hii, nitahesabu tu, nitatazama povu, nitasikiliza pipa linavyochemka. Ndipo shemeji yangu, baba yake Godlisten, akaja kunipa kazi. Godlisten amepata mchumba, Veronika, binti wa Mkuu kule Rombo. Wao ni Wakatoliki, sisi Walutheri, na wazee wa binti walikuwa wameshaanza kukohoa kohoa juu ya jambo hilo. Shemeji akaniambia, "Shemeji, mbege ya posa ni ya kwako. Hii ndiyo itakayozungumza kabla yetu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Tukaenda Mkuu, pipa limefunikwa majani ya mgomba, mimi nimevaa kitenge kipya. Unajua desturi. Aliyepika ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wenyeji, wote wakimtazama, ili ijulikane kwamba kilichomo kwenye kata ni salama na ni cha heshima. Nikachotewa kata. Nikanywa. Kinywani nilisikia ubaridi na kitu kinachochoma pembeni mwa ulimi, basi. Ladha hakuna. Ningeweza kuwa nimekunywa maji ya mfereji. Nikafuta midomo nikasema, "Imeiva vizuri, karibuni wazee."

Babu yake Veronika ndiye aliyefuata. Mzee mrefu, mkimya, mwenye kofia, wote wakimwita Meku kwa heshima ya uzee wake. Alikunywa funda moja, akaishusha kata polepole kwenye goti.

"Mama, umeionja wewe mwenyewe?"

"Nimeionja, Meku."

"Na umeona ni ya kutuletea sisi?"

"Ni njema, Meku."

Akampa aliyekaa pembeni yake, naye akampa wa tatu bila kunywa. Mzee akasema, "Haya. Basi ndivyo mnavyokunywa huko Kirua." Hakupandisha sauti. Shemeji yangu akainuka, akaomba kata, akaonja, na niliona uso wake ukibadilika. Ilikuwa siki. Nilikuwa nimechelewa kuchanganya, ikageuka, na mimi nimeibeba mlima mzima kuwapelekea watu siki na kuiapia kwa midomo yangu. Kwao ilikuwa na maana moja tu, kwamba tumewadharau. Ile posa ikalala miezi mingi.

Tukapakia pipa tukarudi. Tulipofika Himo shemeji akauliza, "Shemeji, ilikuwaje?" Nikasema ulezi ulikuwa na unyevu. Maskini ulezi.

Kuanzia siku hiyo nikaacha kupika. Watu walipouliza nilisema mgongo, nilisema msimu, nilisema ndizi zimeshambuliwa. Moyoni nilikuwa nakauka. Nilipita kwenye kihamba chetu cha migomba mvua ikiwa imenyesha, kahawa imechanua, nyuki wanapiga kelele juu ya maua, na kwangu ilikuwa kama kutazama harusi kupitia dirisha. Baadaye harufu chache zikaanza kurudi, na zilirudi zimepotoka. Kahawa ikikaangwa naisikia kama tairi linaloungua. Kitunguu kinanuka kama kitu kilichofia chini ya uvungu. Baba yako peke yake ndiye aliyefaidika, maana viatu vyake nilivilalamikia tangu tuoane na sasa nikanyamaza.

Halafu ukamaliza mtihani, ukarudi nyumbani, na chanjo ikaja. Ulinikalisha jikoni ukanieleza kwa utaratibu kama mwalimu. "Mama, wewe una presha. Ukiugua hii kitu sijui kama utaamka." Sikukwambia kwamba nilishaugua. Ningekwambia, ungeuliza la pili, na la pili lingefika kwenye pua, na pua ingefika Mkuu. Nikakubali nikaenda. Tulikaa kwenye benchi, ukanishikia kanga, nikachomwa, tukarudi tunacheka. Mkono uliuma, homa ikanipitia usiku mmoja.

Ni wiki hiyohiyo sikio la kushoto lilipoanza kulia. Kelele nyembamba kama ya chenene, usiku na mchana. Hili la sikio ni kweli na sikulitunga, nalo ndilo lililonipa mlango. Jumapili moja baada ya ibada akina mama walinizunguka pale nje. Mama Kisali akasema, "Mbona siku hizi hupiki? Watoto wetu wataoa na nini?" Mdomo wangu ukajibu kabla sijaufunga. "Mama, tangu ile sindano mimi si mzima. Sikio linalia na pua imekufa."

Wakasema pole. Aikande, zile pole zilikuwa tamu. Kwa mara ya kwanza tangu Mkuu nilikuwa na sababu ya heshima. Sikuwa mpishi aliyewapelekea watu siki, nilikuwa mgonjwa aliyedhulumiwa. Mama Kisali akasema, "Basi mimi sitii mguu huko zahanati." Wengine wakatikisa kichwa. Nilipogeuka nikakuona umesimama nyuma yangu na kitabu chako cha nyimbo. Umesikia yote. Uliniangalia, kisha ukaangalia viatu vyako.

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nilikuwa nayo tukitembea kurudi nyumbani, njia nzima ya migomba, mimi na wewe tu. Nikazungumzia bei ya majani ya ng'ombe.

Kesho yake ulianza ile kazi yako. Ulikuwa umesoma mahali kwamba pua iliyolala huweza kuamshwa kwa mazoezi, ukaja na limau, karafuu, jani la mkaratusi na waridi kutoka kwa mchungaji. Asubuhi na jioni. "Funga macho, Mama. Vuta taratibu. Usitafute harufu, ikumbuke." Nilikuwa nafunga macho na machozi yanakuja, wewe ukadhani ni karafuu. Siku nyingine nilisema nimesikia kidogo, na sikuwa nimesikia kitu. Nilitaka tu ule mkono wako upumzike.

Kisha barua ya chuo ikaja, ile ya kwanza, ukaiweka kabatini ukasema uuguzi unaweza kusubiri. Ukaenda kuuza pembejeo dukani Himo, na kila jioni ukipanda huku kabla hujavua viatu unanusa jagi la maziwa, unanusa mtungi wa gesi, unanusa chungu cha maharage. Ni kweli kwamba ulituokoa siku ile mtungi ulipokuwa wazi na mimi nimekaa hapohapo nachambua mchele. Sitakudanganya kwamba sikukuhitaji. Nilikuhitaji sana, na ndiyo maana ukweli ukazidi kuwa mgumu. Ningekuambia, ungekuwa huru kuondoka, na mimi nilikuwa naogopa nyumba hii bila wewe. Hapo ndipo pabaya kuliko pote katika barua hii, na nimepaandika mara mbili nikapafuta, sasa nimepaacha.

Ulinipeleka mpaka hospitali kubwa ya mjini. Unamkumbuka yule daktari wa pua na masikio, dada mdogo mwenye miwani? Aliuliza pua ilianza lini. Ukajibu wewe, "Tangu achanjwe." Akanigeukia mimi. "Mama, kabla ya chanjo hukuugua? Hata mafua?" Nikasema mafua ya kawaida tu. Akasema, "Nauliza kwa sababu ugonjwa wenyewe ndio tunaojua kwamba unachukua pua za watu, mara nyingi sana. Kwa chanjo ni nadra. Nataka niwe na uhakika." Wewe ukakaa wima kwenye kiti chako ukamwambia kwa heshima yote, "Daktari, mama yangu hasemi uongo."

Nilitazama ukutani. Kulikuwa na picha kubwa ya sikio lililokatwa katikati, nikalisoma lote.

Akanichungulia masikio, akatoa nta nyingi kutoka lile la kushoto, na kelele ikapungua, ingawa haikuisha. Akasema masikio ya watu wengine yamelia baada ya korona, na wapo waliosema yamelia baada ya chanjo, na yako mengi yanayolia bila hiki wala kile, kwa umri, kwa presha, kwa dawa. "Sikio lako siwezi kukuapia limelizwa na nini, Mama." Nilimpenda kwa neno hilo. Msomi mzima, na hakuona haya kusema hajui. Mimi niliyejua nilikaa kimya.

Kwa hiyo na wewe nakugawia hivyohivyo. Sikio, sijui. Labda ni sindano, labda ni ule ugonjwa uliochelewa kuonyesha kazi yake, labda ni uzee unabisha hodi. Pua najua. Pua ilitangulia sindano. Na ile sindano uliyonipeleka, mwaka uliofuata ugonjwa ulipopita tena hapa mtaani ukamlaza baba yako wiki nzima, mimi nilikohoa kidogo nikaendelea kukamua ng'ombe. Sisemi ni kwa sababu hiyo, mimi si daktari. Nasema tu sijawahi kukushukuru.

Mama Kisali hakwenda zahanati. Yupo, mzima, jana amepita hapa kukuletea karanga za safari. Lakini sijui wangapi waligeuza nia siku ile kwa ajili ya mdomo wangu, na sijui kama kuna aliyelipa. Nimejaribu kuwafikiria mmoja mmoja nikashindwa. Hilo nitakaa nalo mimi, usilibebe.

Utauliza nini kimenisukuma leo. Ni Veronika. Wazee wake walilegea baadaye, kama ujuavyo, mama mwingine akapika, ndoa ikafungwa, na sasa yeye ni mkwe wa ukoo wetu. Mwezi uliopita alikuja akaniambia anataka nimfundishe mbege. Mimi! Tukachemsha ndizi pamoja, na ilipofika saa ya kuchanganya akanitazama anangoja. Nikaona haiwezekani. Siwezi kumpeleka mtoto wa watu gizani mara ya pili. Nikamwambia, "Nusa wewe, unieleze. Pua yangu ilikufa kwa korona kabla hatujaja kwenu kuposa. Ile siki sikuisikia."

Alicheka mpaka akaweka kichujio chini. Akasema babu yake aliisimulia ile mbege kwenye kila kikao, na alikuwa akisema yule mama wa Kirua ana moyo wa jiwe, amekunywa siki bila kukunja uso. Nikacheka na mimi, mara ya kwanza juu ya jambo hilo. Kisha akaniuliza, "Na Aikande anajua?"

Nikasema bado.

"Mama, yeye anasema kwa watu kwamba alikuharibu."

Sikulala. Nilikuwa najua unajilaumu, lakini sikujua kwamba unatembea ukilitangaza. Uliniambia Jumapili, na hata hapo nikakwambia ule.

Sasa unakwenda kuwa muuguzi, na nitakwambia hili moja si kama mzazi, ni kama mgonjwa aliyewahi kusema uongo kwenye kiti. Utakutana na mama wa namna yangu. Atakuja na binti yake, na binti ndiye atakayejibu maswali yote. Mtoe binti nje kidogo, mtume hata maji ya kunywa. Mpe yule mama kiti, muulize anafanya kazi gani, umuache aieleze kazi yake. Halafu muulize tena lini ilianza. Yule daktari aliuliza vizuri, lakini wewe ulikuwa mle ndani, na mbele yako sikuweza.

Habari za nyumba usiwe na wasiwasi nazo. Mtungi wa gesi tumeutoa nje chini ya ukingo wa paa. Baba yako amekubali kunusa maziwa asubuhi na jioni, ila mbege amekataa katakata, anasema wokovu wake hauna likizo. Veronika atanusa hiyo. Jumamosi ya jana tulikuwa na pipa la msiba wa jirani, nikasimama mbele ya akina mama wote, Mama Kisali akiwamo, nikasema sitaonja kwanza, aonje Veronika, na nikasema kwa nini. Nikataja ugonjwa kwa jina lake, na nikasema sindano haikuhusika na pua yangu. Nilisikia aibu mpaka magotini. Wewe ulikuwa Moshi mjini unanunua sufuria, ndiyo maana hukusikia, na niliichagua siku hiyo makusudi. Nilitaka kwanza niwe nimesema nje ndipo nikuambie ndani, usije ukadhani naungama mahali pasipo na gharama.

Leo mchana nilikwenda mpakani mwa kihamba nikakata jani la sale. Nilitaka kulifunga fundo, niliweke ndani ya barua hii. Unajua kwetu mtu akikuletea sale huna la kusema tena. Awe amekukosea vipi, ukilipokea neno limekwisha, na kulikataa ni balaa. Nimeona ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga wakakaa benchi moja kwa sababu ya jani hilo. Nikalibeba mpaka mlangoni mwa chumba chako, begi lipo wazi kitandani, na hapo nikasimama.

Nikawaza, mzazi akimpa mtoto sale, mtoto atafanya nini? Atapokea tu. Wewe utapokea kabla hata hujakasirika, kama ulivyopokea kila kitu kutoka kwangu, na jioni utanipigia simu kuniuliza kama maziwa yamenuswa. Nikarudi nikalitupa kwenye migomba.

Kwa hiyo ukitafuta ndani ya bahasha hutakuta kitu. Sikukuletea jani, kwa sababu sitaki msamaha ambao huna ruhusa ya kuninyima. Kasirika, mwanangu. Kasirika Singida, kasirika Shinyanga, ukifika Mwanza ukae na hasira yako mpaka uimalize. Usiponipigia simu sitamtuma baba yako akuulize. Nimekuchukulia miaka na siwezi kukurudishia hata siku moja, ila naweza kukuacha uihesabu hasara yako bila mimi kukuziba mdomo.

Siku ukiwa tayari utaniuliza, na mimi nitakuomba radhi kwa mdomo huu huu uliokataa. Na likizo ikifika, kama moyo umetaka, panda uje nyumbani. Njoo kunisalimia. Usije kuninusia.

Mama yako